Salma, zile laptopu msiziuze

Langoni, Lamu

Shoga yangu Salma,

Salamu nyingi, sisi hatujambo. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu Rukia kaniambia mwataka kuziuza laptopu za darasa la kina mama, eti fundi kasema kadi za waifai zimekufa. Nakuomba, msiuze.

Hazijafa. Ikiwa ni aina moja na yangu, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike lspci -nn. Ukiona mstari wenye Broadcom BCM4312 na nambari 14e4:4315, basi Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, imeiona kadi. Draiva yake, b43, yaani programu ya kuiongoza kadi, imo tayari. Kinachokosekana ni fimwea, ile programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe ndipo ifanye kazi. Broadcom, kampuni ya kadi hiyo, hawakuwaruhusu wengine kuigawa, ndiyo maana hata Debian 12, toleo la Linux la mwaka 2023, iliyoanza kubeba fimwea za kampuni nyingi kwenye diski yake, hii haimo. Laniuma sana jambo hili, Salma. Mashine nzima yauzwa kwa bei ya chuma chakavu, na kadi haina kasoro!

Pakiti unayoitaka, yaani programu ya kusakinisha, yaitwa firmware-b43-installer. Nayo huivuta fimwea kutoka kwenye intaneti, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana intaneti yenyewe ndiyo wanayoitafuta. Chukua simu yako, iunganishe kwa waya wa USB, uruhusu kompyuta itumie intaneti ya simu. Bando dogo latosha. Lakini kwanza tazama kama neno contrib, jina la fungu la pakiti hiyo, limo katika faili /etc/apt/sources.list, orodha ya mahali pa kuchukulia pakiti, la sivyo pakiti haitaonekana. Na kama yule fundi alitia broadcom-sta-dkms, draiva nyingine ya Broadcom, itoe, kwani huifungia b43 isipakiwe. Ukimaliza, zima uwashe upya.

Ikigoma bado, andika rfkill list. Pengine waifai imezimwa kwa kitufe tu, na hilo fundi alipaswa kulitazama mwanzo.

Wale kina mama walichanga pesa zao wenyewe, wengine hata barua pepe ya kwanza hawajaandika. Mnunuzi akija, mwambie asubiri.

Je, keshalipa? Zote ni za aina moja? Fundi aliwaonyesha alichokiona, au alisema tu? Waya wa USB unao, au nimpe Famau akuletee Ijumaa? Na Bi Zuhura, mguu waendeleaje?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwanaesha