Aliyetulia kimya hajapagawa, kaduwaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu hili neno kupagawisha, maana sasa hivi limejaa kwenye kila habari ya burudani mpaka maneno mengine yanakosa pa kukaa. Mwanamuziki akipanda jukwaani tunaambiwa kapagawisha mashabiki, sawa. Lakini mshairi kaghani taratibu, watu wamemsikiliza kimya tangu mwanzo hadi mwisho, nao tunaambiwa wamepagawa. Mchoraji katundika picha zake, watu wamesimama mbele yake hawasemi kitu, hao nao eti wamepagawa. Hapo jamani nimeshindwa kunyamaza.

Tuangalie neno lilikotoka. Kitenzi cha mwanzo ni pagaa, na kinachopagaa ni pepo, yaani pepo anamwingia mtu na kumkaa kichwani. Aliyeingiwa ndio kapagawa, na kumpagawisha ni kumfanya awe hivyo. Na mtu aliyepandisha mashetani tunamjua alivyo, anatetemeka, anapiga makelele, anajitupa chini, anaongea kwa sauti ambayo siyo yake, wenzake wanamshika huku na huku asijiumize. Kwa hiyo ukiandika kwamba shoo imepagawisha watu na kweli watu waliruka, walilia, wakavua mashati wakayarusha juu, mimi sina ugomvi kabisa, neno limetoka kilingeni likafika jukwaani na limekaa vizuri tu, lugha ndivyo inavyokua.

Ila kuna hali nyingine kabisa. Mtu kashikwa na kitu mpaka mwili wenyewe umetulia, macho hayapepesi, mdomo umebaki wazi, unamwita haitiki, unamgusa bega ndio anashtuka, akili yake yote ilikuwa kwa yule anayesimulia au anayeimba. Huyu hana pepo. Huyu kaduwaa, na aliyemfikisha hapo kamduwaza. Naona hakuna kitenzi kinachoibeba hali hii vizuri kama hiki, kwa sababu ndani yake kuna ule ukimya na ule usahaulifu, mtu anasahau kwamba kasimama, anasahau alikuwa anakwenda wapi. Ukisema watu walipagawa unanionyesha mikono juu na kelele, ukisema waliduwaa namuona mtu na macho yake. Sasa mwandishi akinipa la kwanza wakati lililotokea ni la pili, mimi ambaye sikuwepo napata picha ya uongo, na kazi ya habari ni kunifikisha mahali ambapo sikuwepo.

Cha ajabu duwaza lenyewe kwenye vyombo vya habari lipo, ila limehamishiwa michezoni, timu kubwa ikifungwa na timu ndogo ndio utasoma yaduwazwa. Siyo kosa. Kuduwaa ni kupigwa na mshangao ukashindwa kusema, na mshangao unaweza kuletwa na kipigo, na msiba, au na uzuri. Kitenzi chenyewe hakituambii ni kipi, kwa hiyo ni juu ya mwandishi kukitaja, aandike sauti yake iliwaduwaza, au waliduwaa kwa uzuri wa zile picha. Akiacha hewani tu kwamba watazamaji waliduwaa, msomaji anaweza kudhani jukwaa limeanguka.

Najua kuna watakaosema mbona tuna maneno mengine. Tunayo, lakini kila moja lina tabia yake. Kuteka ni zuri sana likiwa na mwenzake, kuteka hisia, kuteka nyoyo, ila ukiandika msanii kateka mashabiki ukaishia hapo, mtu anafikiria utekaji nyara kwanza. Kukonga nyoyo ni kuridhisha, mtu alikuwa na kiu ya kitu sasa kiu imekatika, na mtu aliyeridhika anaweza kuwa anacheka na kupiga stori na jirani yake, hajashikwa. Kupumbaza zamani lilikuwa na upole, unampumbaza mtoto kwa wimbo asahau kulia, lakini lina udugu na mpumbavu na siku hizi ukimwambia mtu kapumbazwa umemtukana. Kuzuzua ndio usiseme. Kusihiri ni tamu mno kwenye mashairi ya mapenzi, lina uchawi ndani yake, ila kwenye habari ya kawaida linazidi kipimo.

Wengine watasema maneno hubadilika maana, tuyaache. Kweli hubadilika. Waingereza wana kitenzi chao cha kumduwaza mtu, mesmerize, kilichotokana na jina la daktari Franz Mesmer, aliyezaliwa 1734, na wagonjwa wake kule Paris walikuwa wanapatwa na degedege wakati wa tiba, wanajirusha na kupiga kelele, mpaka mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume kuchunguza ile tiba. Leo kitenzi hicho kinamaanisha mtu aliyetulia anakodoa macho. Yaani kimetoka kwenye kelele kikafika kwenye utulivu. Lakini wao hawakupoteza kitu, kwa sababu vitenzi vya kelele wanavyo vingine. Sisi tukilifanya kupagawa lichukue kelele na ukimya kwa pamoja, na duwaa tukaliachia vipigo vya mpira, basi kijana anayejifunza kuandika kwa kusoma magazeti hatakuwa na neno la kumpa mtu anayesikiliza hadithi na kusahau dunia. Neno lipo, zuri, fupi, na kila mtu analielewa, halihitaji hata kamusi.

Ombi langu kwa dawati lenu la burudani ni dogo tu. Mwandishi akirudi kutoka kwenye onyesho mhariri amuulize, watu walikuwa wanafanya nini? Wakiwa waliruka na kupiga mayowe, andikeni wamepagawishwa kwa herufi kubwa kabisa. Wakiwa walikaa kimya mpaka mwimbaji akamaliza, na ikachukua muda kabla mtu wa kwanza hajakumbuka kupiga makofi, andikeni amewaduwaza.

Wasalaam,
Msomaji wenu wa siku zote