Povu la Maji ya Muhogo

Morogoro, Jumapili

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza kama yale maji yanayotoka kwenye kikamulio chenu cha muhogo yanaweza kuzalisha bayosafaktanti, yaani ile dutu ya kisabuni inayotengenezwa na vijidudu. Yanaweza. Brazili wamelifanyia kazi sana jambo hili; huko maji hayo huitwa manipueira. Watafiti Nitschke na Pastore wa Campinas walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuotesha bakteria Bacillus subtilis ndani yake: mvutano wa uso, yaani nguvu inayofanya uso wa maji ujishikilie, ulishuka hadi karibu milinewtoni 27 kwa mita, wakati wa maji safi ni 72. Dutu yenyewe ni safaktini.

Kwanza bakteria. Usichukue aina ya 168 ya Bacillus subtilis iliyozagaa kwenye maabara za vyuo. Jeni yake ya sfp, inayohitajika ili kutengeneza safaktini, ni mbovu, kwa hiyo haitoi safaktini hata uilishe nini. Tafuta aina yenye namba ATCC 21332 katika benki ya vijidudu ya Marekani, ambayo inajulikana kwa kazi hii.

Maji yachukue siku ileile ya kukamua. Yakilala usiku kucha kwenye joto la pwani yanachacha, na sukari uliyokuwa unaitegemea inaliwa na vijidudu usivyovitaka. Yaache yatulie ndooni saa mbili au tatu. Wanga utashuka chini, mweupe, umeshikamana kama chokaa iliyolowa. Mimina maji ya juu taratibu. Ukichemsha kabla ya hapo umejiharibia, maana wanga ukipata moto wa nyuzi 65 na kuendelea unageuka uji, na uji huo hauchujiki wala hewa haipiti.

Kuchemsha ni lazima, na kufanyike nje, sufuria ikiwa wazi, wewe ukisimama upande upepo unakotoka. Muhogo ukishakunwa, linamarini, sumu yake ya asili, huanza kuvunjika na kuachia sianidi. Hidrojeni sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu, hivyo moto unaifukuza hewani. Hapo nakusihi usifanye haraka, na watoto wasisogee. Protini nazo zitaganda. Chuja kwa kitambaa kizito au tumia sentrifuji. Kisha pandisha pH hadi 7 kwa matone ya kostiki soda iliyoyeyushwa, na tia kwenye otoklevu, yaani sufuria ya shinikizo ya kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 20.

Mbegu ya bakteria uliyoiotesha usiku mmoja weka mililita 20 hadi 30 kwa kila lita. Kwenye flaski ya mililita 250 usizidishe mililita 50. Itikise kwenye nyuzi 30, mizunguko 150 kwa dakika, saa 48 hadi 72.

Sasa povu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike barua ndefu. Safaktini inatoa povu kupita kiasi. Ukiwa na tangi linalopulizwa hewa, povu litapanda hadi kwenye kichujio cha hewa inayotoka, kitalowa, kitaziba, na shinikizo litatafuta pa kutokea. Wengi hapo hukimbilia dawa ya kuua povu. Usiitumie. Hewa inapopanda, safaktini hung'ang'ania kuta za viputo, kwa hiyo povu lile lina safaktini nyingi kuliko maji yaliyobaki chini. Cooper na wenzake huko Kanada walionyesha mwaka 1981 kwamba kuliondoa povu mfululizo kunaongeza hata uzalishaji wenyewe, na chumvi kidogo za chuma au manganizi nazo husaidia.

Basi jaza tangi nusu tu. Toa bomba pana juu ya mfuniko, lisimame wima kwanza ili maji yachuruzike kurudi ndani na povu likauke, halafu lielekee kwenye chupa kubwa ya kukusanyia. Kichujio kikae baada ya chupa, si kabla. Saa za mwanzo puliza kidogo. Ukifungua hewa yote mapema, povu litawabeba bakteria kabla hawajaongezeka, na tangi litabaki na maji matupu. Baadaye fika nusu lita hadi lita moja ya hewa kwa kila lita ya maji kwa dakika.

Povu likishatulia na kuwa maji, ondoa seli kwanza kwa sentrifuji. Ukitia asidi zikiwa bado zimo, zitaganda pamoja na safaktini na mzani utakudanganya. Kisha shusha pH hadi 2 kwa asidi ya haidrokloriki, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utaona madonge ya rangi ya krimu chini. Yakusanye, yayeyushe tena kwenye pH 8. Tumia maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke uliopozwa, maana kalisi ya maji ya kisima huishika safaktini.

Kupima si kazi. Mimina maji kwenye sahani pana, dondosha juu yake oili chafu kidogo ya injini, itandae, kisha weka tone la sampuli katikati. Oili ikikimbilia pembeni na kuacha duara safi, safaktini ipo. Rudia kwa maji ya muhogo yaliyochemshwa bila bakteria, kwa kuwa nayo hutoa povu lake na yanaweza kukupumbaza.

Mavuno yake hesabu kwa gramu chache kwa lita, tena za dutu ambayo haijasafishwa. Kwa sabuni ya kufulia hailipi. Fikiria kusafisha udongo uliomwagikiwa mafuta, au kuzuia kuvu wa mimea. Na asikushawishi mtu kuiuza kama dawa ya vidonda: safaktini hupasua chembe nyekundu za damu.

Ukishapata sahani ya kwanza yenye duara, nipimie upana wake kwa rula, pamoja na ule wa maji yasiyo na bakteria, uniandikie.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Rehema