Wanafunzi wasifyekeshwe minyaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utomvu wa minyaa, ambayo wengine huiita manyara, mimea iliyozunguka kaya zetu, mazizi na hata viwanja vya shule nyingi za mkoani Mwanza, na ambayo tumeizoea kiasi cha kusahau kwamba ina sumu.

Mwezi uliopita mpwa wangu wa darasa la nne alipewa panga pamoja na wenzake ili wapunguze ua wa shule yao. Tawi lilipokatwa, utomvu mweupe kama maziwa ulimrukia mkononi, naye akajifuta jasho usoni kwa mkono uleule, akaendelea na kazi. Kufikia jioni jicho lilikuwa limevimba na kufumba, likichuruzika machozi, na usiku kucha alilia kana kwamba limetiwa pilipili. Jirani yetu, kwa nia njema kabisa, alishauri tumtilie maziwa ya mama, nasi tukamtilia. Asubuhi hospitalini tuliambiwa kwamba konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, ilikuwa imeungua, na kwamba tulipaswa kuliosha jicho papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha kumkimbiza kwa mtaalamu. Namshukuru Mungu kwamba sasa anaona.

Utomvu huu si maji ya kawaida yanayopanda kutoka mizizini. Hukaa katika mirija yake ya pekee, na mmea unapojeruhiwa hutoka kwa kasi ili kuziba kidonda na kumchukiza anayeutafuna. Ndiyo maana mifugo huipita minyaa hata wakati wa kiangazi kikali, na ndiyo maana wazee wetu waliichagua kwa ua. Mpapai nao hutoa utomvu, mfenesi vilevile, na hata baadhi ya uyoga wa porini hutoa maziwa ukivunjwa, na miongoni mwa uyoga huo umo unaoliwa. Kwa hiyo weupe peke yake haumwambii mtoto lolote. Utomvu wa papai bichi mama zetu huutumia kulainishia nyama, ilhali wa mnyaa unaweza kupofusha.

Sidai kwamba minyaa ing'olewe, kwa kuwa hustahimili ukame na huchipua kwa kuchomeka tawi tu, wala hakuna ua wa bei nafuu kuliko huo. Ninachowaomba walimu wakuu na kamati za shule ni kwamba kazi ya kuipunguza ifanywe na watu wazima waliovaa mikono mirefu na miwani ya kukinga macho, watoto wakiwa mbali, na ndoo ya maji safi iwe karibu kabla panga la kwanza halijainuliwa.

Msomaji wako,
Kisesa, Mwanza