Ami, Nyanya Alivuka Mabegani

Ami yangu,

Asalaam alaykum. Simu zangu huzipokei, na katika kundi la ukoo ukinijibu hunijibu kwa neno moja, kwa hivyo nimeamua kukuandikia hapa, mahali ambapo wengine pia watasoma. Najua hutapenda. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba mambo ya nyumbani hufunikiwa kombe, lakini haya tuliyogombania, barabara na fedha zake, si ya nyumbani peke yake.

Nianze na siku ile ya mazishi ya Nyanya, kwa kuwa ndiyo inayokuchoma. Ulisema Nyanya apitishwe Dongo Kundu, barabara ya kutoka Mombasa kwenda pwani ya kusini bila kuvuka maji. Mimi nikasema feri ya Likoni, kwamba kutoka hospitali hadi kivukoni ni karibu, na huko Changamwe hakuna ajuaye foleni ya malori itakuwaje. Wakanisikiliza mimi. Tulipofika, magari yalikuwa yamejipanga hata mwisho wake hatuuoni, na alasiri ilikuwa imekaribia. Ndani ya gari, moshi wa dizeli ulikuwa umeshaushinda ubani. Ndipo vijana wakafungua mlango wa nyuma, tukamtia Nyanya mabegani, tukateremka naye pamoja na watembea kwa miguu. Watu tusiowajua walipokezana chini ya jeneza. Kijana mmoja mwenye sare ya shule alimwachia mwenzake begi akaja kutia bega, na mama aliyekuwa na ndoo ya samaki akaitua chini atupishe njia. Tulipokuwa katikati ya maji ukasema, kwa sauti ya mtu anayefungua semina, kwamba miundombinu inataka subira. Nami nikakujibu mbele ya wote: "Ami, umekaa na mafungu ya barabara miaka thelathini, na mama yako anavuka kwa mabega ya watu."

Adabu nilikosa, nakiri. Lakini hukunijibu, Ami, na mpaka leo nangoja jibu.

Unakumbuka ile futikamba? Nilikuwa na umri wa miaka tisa, likizo ya Agosti, ukanichukua katika gari la kazi njia ya Kwale, mimi nikishika ncha moja na wewe ncha ya pili tukipima mashimo. Uliniambia kwamba tundu la ngumi likizibwa msimu huu hugharimu ndoo ya lami, na likiachwa mvua mbili zipite huhitaji lori zima la kifusi. Uliniambia pia kwamba ndiyo sababu sheria ya 1993 ilianzisha tozo ya matengenezo kwa kila lita ya mafuta: barabara isiwe inapiga magoti mbele ya Hazina kila bajeti inaposomwa, bali anayeichakaza ndiye ailipie. Nilikuamini. Bodi ya Barabara ilipoundwa kwa sheria ya 1999 ili ilinde fedha hizo, ulishangilia kama mtu aliyejaaliwa mtoto wa kiume. Sheria ya 2007 ilipoleta mamlaka tatu, moja ya barabara kuu, ya pili ya mijini na ya tatu ya mashambani, ulisema sasa kila barabara itakuwa na mwenyewe.

Basi nionyeshe mwenye barabara inayopita mbele ya nyumba ya Nyanya. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti barabara zao na Serikali ya Kitaifa ikabaki na barabara kuu, jambo ambalo kwenye karatasi halina utata. Nilikwenda afisi moja nikaambiwa si yao. Nikaenda ya pili, nikarudishwa ya kwanza. Wakati huo magavana na Bunge la Taifa walikuwa wakivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za tozo hiyo hiyo hadi mahakamani, na mtaro wetu ukifukiwa na mchanga.

Halafu zikaja hizi shilingi saba. Julai 2024 tozo ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita, nasi tukaelezwa kwamba ni kwa ajili ya kuziba mashimo. Mwaka uliofuata nyongeza hiyo ya shilingi saba ikawekwa rehani ili zipatikane shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliodai kwa miaka. Ukaandika katika kundi la ukoo kwamba ni hekima. Ami, zaidi ya robo ya tozo inayolipwa pampuni inalipia barabara zilizoanzishwa bila fedha za kuzimaliza, na ndoo ya lami ya kesho imekwisha kuliwa. Hesabu hiyo ni wewe uliyenifundisha.

Najua utakalosema: kwamba nami nilikula. Ni kweli. Lori langu lilibeba kokoto kwa kazi ya barabara, aliyenipa kazi hakulipwa, nami sikulipwa, mpaka dalali akaja kulichukua asubuhi watoto wakitazama. Fedha za rehani zilipotoka nilipata sehemu ya haki yangu na nikaipokea. Ulitaka niikatae? Mdai hana nafasi ya kuchagua chungu alichopikiwa deni lake. Anayestahili lawama ni aliyetia saini mkataba akijua kwamba fungu halipo, na mtu huyo, popote alipo, hajawahi kuuziwa lori.

Bado una marafiki katika meza zile, na neno lako linasikika. Waambie matengenezo yatengewe fungu lisiloguswa wala kuwekwa rehani, na ujenzi mpya ukiwa wa kukopa, mkopo upite Bungeni kwa jina lake na kulipwa na Hazina, wala usijifiche ndani ya bei ya petroli. Kaunti zipewe fungu linalolingana na urefu wa barabara zao na magari yanayopita. Tena wafikirie mapema, kwa maana bodaboda za umeme zimeshaanza kupita hapa kwetu, hazinunui hata lita moja, na lami wanaitumia. Ningeyasema mwenyewe, lakini nani atamsikiliza dereva asiye na lori?

Dongo Kundu ni barabara nzuri. Hilo sikulikataa siku ile wala leo. Nilichokataa ni kuambiwa habari za subira na jeneza likiwa begani. Nyanya alikuita kwa jina lako la utotoni siku mbili kabla hajafa, nami nikamwambia uko njiani, ingawa sikujua kama ulikuwa njiani.

Hitima ya mwaka ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi, baada ya alasiri. Ukija kwa reli nitakupokea Miritini. Kutoka hapo, njia utachagua wewe.

Mwanao.