Kanda za Beryl Booker si mkate

Mhariri,

Miaka yote nawasoma na kunyamaza, lakini ile taarifa yenu kuhusu rekodi zilizosahaulika za Beryl Booker Trio, kundi la jazi la Marekani la mpiga piano Beryl Booker, imenishinda. Mmeandika "Beryl Booker na wenzake". Wenzake wana majina: Bonnie Wetzel kwenye besi, Elaine Leighton kwenye dramu. Wote wanawake, na mapema mwaka 1954 walizunguka Ulaya katika msafara mmoja na mwimbaji wa jazi Billie Holiday. Mwaka huohuo walirekodi Paris pamoja na mpiga saksafoni Don Byas. Sasa santuri kama hiyo ikipangwa kabatini kwa jina la Byas, anayemtafuta Wetzel ataipatia wapi?

La majina ningelimeza. Lililonikaa kooni ni ushauri wenu kwamba kanda kuukuu "huokwa kwanza", yaani zitiwe ovenini kabla ya kuchezwa. Kuoka ni tiba ya kanda za poliesta (aina ya plastiki) za miaka ya 1970 na 1980, ambazo gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya unyevu ikaanza kunata. Hizo hupashwa joto kwa nyuzi 54 za Selsiasi hivi, kwa muda wa saa nane au zaidi, zikachezeka kwa wiki kadhaa. Kanda za mwanzoni mwa miaka ya 1950 nyingi ni za asetati, plastiki ya kizamani. Asetati haina ugonjwa huo, na ukiitia joto inasinyaa na kujikunja. Kuitambua hakuhitaji profesa: inua gurudumu la kanda mbele ya taa. Mwanga ukipenya katikati ya mizunguko, hiyo ni asetati. Ikinuka siki imeshaanza kuoza. Itenge na nyingine, iweke pakavu penye baridi, inakiliwe upesi. Viungio, pale vipande vya kanda vilipounganishwa, navyo gundi yake imekauka, kwa hiyo vibandike upya kimoja kimoja, na usithubutu kuirudisha nyuma kwa kasi. Juzi imeletwa karakana kanda iliyotoka ovenini kwa mtu aliyefuata ushauri kama wenu. Kingo zimejikunja kama jani la mgomba juani, haikai sawasawa kwenye kichwa cha mashine, trebo, yaani sauti zote za juu, imekwenda. Brashi anazosugulia ngoma mpiga dramu, basi tena!

Hata kwenye kanda isiyoharibika, anayefuta mchakacho wote, ule mvumo wa "shhh" wa kanda, kwa programu ya kompyuta huzifuta brashi hizohizo, maana sauti za brashi na za mchakacho hukaa pamoja.

Na mkiwa hapo, waambieni pia wauza santuri wanaosugua zile za kale za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika, kwa spiriti, zikiwemo za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Spiriti huyeyusha shelaki, malighafi ya santuri hizo! Maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kukusanywa tena, tone la sabuni, kitambaa laini, lebo isiloe. Kisha wanazicheza kwa sindano ya LP (santuri za plastiki za baadaye), yenye ncha ya mikroni (elfu za milimita) 25 au chini yake, inayozama hadi sakafu ya mfereji na kukwaruza takataka. Santuri ya 78 inataka mikroni 75 hivi.

Masahihisho yapeni nafasi ileile mliyoipa picha ya oveni. Ikikosekana, ondoeni utabiri wa nyota kwa wiki moja, nyota zitavumilia. Na yale majina matatu yawe kwa herufi za ukubwa mmoja.

Fundi wa kanda na santuri,
Dar es Salaam