Barua kwa mwanangu Rehema, anayeanza uuguzi

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako mama yako amenifikishia. Marahaba. Huku Korogwe hatujambo, mvua tu ndiyo inatukatalia kuanika mahindi.

Kifurushi chako nimemkabidhi konda wa basi la asubuhi. Mna viatu vyeupe, kikata kucha, na saa yenye mshale wa sekunde. Najua ulitaka simu. Saa kwanza.

Siku ya kuvishwa kofia mtashika mishumaa, na mtasimuliwa habari za Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, na taa yake ya kuzungukia wodini usiku. Siku yangu mimi nilitokwa machozi, nikasingizia moshi. Lakini taa haikumponya mtu. Nightingale alifika hospitali ya jeshi ya Scutari, Uturuki, wakati wa vita ya Krimea, Novemba 1854, na wauguzi 38, na askari wa Uingereza waliendelea kufa majira yote yale ya baridi, wakati anawalisha na kuzunguka wodini usiku. Vifo vilipungua sana baada ya Machi 1855, walipokuja wakaguzi wa afya wakazibua mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo lile na kuingiza hewa wodini. Vita ilipokwisha alirudi kwao, akakaa na takwimu, akaona kuwa uchafu umeua wengi kuliko risasi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Hesabu ilimsuta, naye akaikubali. Shule yake ilifunguliwa London mwaka 1860, katika hospitali ya St Thomas', na uuguzi utakaosoma wewe una damu yake.

Mimi nilipoanza kazi mwaka 1986 sindano zilikuwa za kioo. Unazisuuza, unazichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, dakika 20, ukianza kuhesabu maji yanapochemka, siyo unapowasha jiko. Asubuhi moja zilikuwa zimebaki dakika tatu, na benchi la nje limejaa akina mama na watoto wanaolia. Nikaona sindano moja imesahaulika kwenye trei, nikaidumbukiza haraka pamoja na zile nyingine. Inchaji wetu, muuguzi msimamizi, alikuwa mama mfupi, sauti yake ya chini. Hakunigombeza. Alitazama saa iliyobanwa kifuani pake, akasema, "Anza upya." Nikamwonyesha benchi. Akasema, "Nimewaona. Anza upya." Tukasimama pale dakika 20 nyingine, watoto wanalia, mafuta yanaungua. Nilimchukia wiki nzima.

Miaka baadaye, kwenye semina, nikasimuliwa habari za Yambuku, nikamkumbuka mama yule. Yambuku ni kijiji cha Kongo, wakati huo Zaire. Mwaka 1976 masista kutoka Ubelgiji walikuwa na hospitali ya misheni pale, na watu walitoka mbali kuwafuata kwa sababu dawa zilikuwepo. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa sindano 5. Tano, Rehema, kwa wagonjwa wote wa siku ile. Kati ya mgonjwa na mgonjwa walizisuuza kwenye maji ya uvuguvugu. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipita humo humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, masista wakiwemo, na milango ikafungwa. Wale masista hawakuwa wakatili wala wavivu. Walikuwa na huruma kushinda mimi. Huruma waliyokuwa nayo ndiyo iliyowafanya wasimrudishe mtu hata mmoja kutoka benchi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka 2003, zamu ya usiku, niko peke yangu wodini, nilimchoma sindano mgonjwa tuliyejua ameathirika na virusi vya UKIMWI, kisha nikarudishia kifuniko kwa mikono miwili. Nilikuwa nimefundishwa usirudishie kifuniko, na nilikuwa nimewafundisha wengine. Ikanichoma kidole gumba. Dawa za kinga kwetu hazikuwepo wakati ule. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi minne. Nilimwambia nina kikohozi, nikahamia sebuleni kwenye mkeka, miezi mitatu, hadi nilipopima na kukuta niko salama. Aliujua ukweli siku ya majibu, akaninunia hadi ulipozaliwa.

Kwa hiyo sindano ikishatumika, iende moja kwa moja kwenye sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, nalo likifika robo tatu lifungwe, lisishindiliwe. Ukichomwa usikikamue kidole. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, toa taarifa zamu hiyo hiyo hata kama inchaji ni mkali. Dawa zipo siku hizi: zianzwe mapema iwezekanavyo, saa 72 zisipite, na unameza siku 28.

Glavu zitakudanganya. Nimeona muuguzi aliyevaa glavu akafunga kidonda, akapokea simu, akafungua mlango, kisha akamshika mtoto, na moyoni anajiona msafi kwa sababu mikono yake yeye haikuguswa. Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati 5 za kusafisha mikono, na wanafunzi wengi huzijua nne. Ya tano ni pale ambapo mgonjwa hukumgusa kabisa: umenyoosha shuka, umeshika ukingo wa kitanda, umerekebisha mrija wa dripu. Osha. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60, na utashangaa zilivyo ndefu ukizitazama kwenye mshale. Koki ikiwa kavu, dai ndoo ya koki, usione haya. Kuna watakaokucheka kuwa unaosha kama unaingia chumba cha upasuaji.

Saa ibane kifuani, usiivae mkononi, vinginevyo unaosha hadi kwenye mkanda tu. Kucha kata leo, na ile rangi uliyopaka kwenye harusi ya binamu yako uifute kabla hujaingia wodini.

Basi linafika saa kumi jioni. Konda ana jina lako, nenda na kitambulisho.

Baba yako