Kwa nini alama ya leza kwenye koleo lako imeshika kutu

Sista mmoja wa kliniki ya meno alituletea tena koleo tatu tulizoziandika namba. "Fundi, si ulisema stenlesi haishiki kutu?" Pembeni ya tarakimu 7 palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi, nikiukwaruza unabaki kwenye kucha. Koleo zenyewe zilikuwa safi kabisa, kutu ilikaa kwenye alama yetu tu. Kosa lilikuwa la karakana yetu na fedha yake tulimrudishia. Ila swali lake linastahili jibu kamili, kwa sababu wateja wengi wa hospitali na kliniki wanaliuliza.

Stenlesi inalindwa na kromiamu iliyomo ndani yake, angalau asilimia 10.5. Kromiamu hiyo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Leza yetu ya faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga), ya wati 20, huandika weusi kwa kupasha chuma moto. Joto likizidi, kromiamu ya juu huungua na chini yake inabaki pungufu, hivyo utando haurudi kama ulivyokuwa. Halafu kifaa kinaingia kwenye mvuke wa nyuzi 134 kila siku. Hapo kutu imeshapata mlango.

Wateja waliosoma kuhusu leza hutuuliza mbona tusinunue ile "ya mapigo mengi". Pigo ni mmweko mmoja mfupi wa mwanga wa leza. Hapo mambo mawili huchanganywa: pigo lina urefu gani, na mapigo ni mangapi kwa sekunde.

Tuanze na urefu. Katika nanosekunde 1 (sehemu ya bilioni ya sekunde) mwanga huenda sentimita 30, sawa na rula ya shule. Pigo la mashine yetu huchukua nanosekunde 100, kwa hiyo lingenyooshwa hewani lingefika mita 30. Femtosekunde ni fupi mara milioni kuliko nanosekunde, na pigo la femtosekunde 300 halifiki milimita 0.1, unene wa unywele hivi. Joto linahitaji pikosekunde chache (pikosekunde 1 ni femtosekunde 1,000) kutoka kwenye elektroni na kuingia kwenye chuma chenyewe, na pigo fupi namna hiyo limekwisha kabla ya hapo. Sehemu iliyopigwa inakuwa mvuke na jirani yake hana habari. Weusi wake pia ni wa aina nyingine: uso wa chuma unabaki na mawimbi madogo, yaliyoachana kwa mikromita 1 au chini yake, yanayonasa mwanga usirudi machoni. Kromiamu haijaunguzwa, ndiyo maana alama hiyo huvumilia mvuke kuliko ya kwetu.

Sasa wingi, ambao mimi binafsi unanivutia zaidi. Ndani ya leza nyingi za mapigo mafupi hivi pigo moja huzunguka kwenye kitanzi cha faiba, na kila likimaliza mzunguko sehemu yake hutolewa nje. Kwenye kioo mwanga huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kitanzi cha mita 5 kinatoa mapigo milioni 40 kila sekunde, yaani megahezi 40. Ukitaka gigahezi 1, yaani mapigo bilioni 1 kwa sekunde, kitanzi kiwe sentimita 20 tu, na kupata nguvu ya kutosha kwenye kipande kifupi hivyo ni kazi. Wengine huamua kuzungusha mapigo mengi kwa pamoja kwenye kitanzi kirefu, yakiwa yameachana sawasawa.

Lakini wati ni zilezile. Wati 20 ukizigawa kwa mapigo 20,000, kila moja linapata milijuli 1. Ukizigawa kwa milioni 1, kila moja linabaki na mikrojuli 20. Na kuna joto la kulimbikizana. Chukua doa la mikromita 40 linalotembea mita 1 kwa sekunde: kwenye megahezi 1 kila sehemu ya mstari inapigwa mara 40. Pasi ya moto ikipita mara moja juu ya kanga haina shida, irudishe palepale mara 40 bila kuacha kitambaa kipoe uone. Pigo likiwa fupi kiasi gani, ukiyarundika pamoja bila mpango utaunguza chuma kama sisi tulivyounguza koleo za sista. Lazima vioo vinavyoongoza mwanga viende kasi zaidi.

Ipo njia nyingine, iliyoonyeshwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bilkent, Ankara, na wenzao: mafungu ya mapigo yanayofuatana kwa kasi ya gigahezi, upesi kiasi kwamba chembe zinazoruka zinaondoka na joto lao kabla halijasambaa. Kuongeza mapigo kukapunguza joto linalobaki. Niliposoma hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Kwetu karakanani mashine bado ni ya nanosekunde. Sahani za majina, funguo, sufuria na vikombe tunaandika bila wasiwasi. Vifaa vinavyochemshwa kwa mvuke hatuviandiki tena vyote kwa pamoja. Leta kimoja tu kwanza. Tutakiandika kwa joto dogo, tutakiloweka kwenye asidi ya sitriki ili utando ujijenge, kisha utaenda nacho ukichemshe na vingine kwa wiki mbili. Asidi hiyo wakati mwingine hufifisha weusi, tutakuonyesha kabla hujalipa. Kikirudi na hata uzi mmoja wa kahawia, kazi hiyo hatutaichukua, na tutakwambia umtafute mwenye leza ya pikosekunde.